Kufundisha Uwezekano katika Somo la Urithi: Kutoka Rangi za Chatu hadi Watoto wa Binadamu

Utangulizi

Makala haya yanahusu sehemu moja ndogo ya somo la Biolojia ambayo, kwa maoni yetu, hufundishwa vibaya mara nyingi kuliko tunavyokiri sisi walimu. Sehemu hiyo ni namna ya kukisia uwezekano wa mtoto kurithi sifa fulani kutoka kwa wazazi wake. Tunaandika kutokana na kosa tulilolifanya sisi wenyewe, wakati wa mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya sekondari ya upande wa Masoko, wilayani Rungwe. Kosa hilo lilikuwa dogo ubaoni, lakini halikuwa dogo kwa mwanafunzi mmoja aliyekuwa tayari kulipeleka nyumbani kwao. Tutaeleza jinsi lilivyotokea, jinsi tulivyolisahihisha, na hatua ambazo mwalimu yeyote aweza kuzifuata kwa zana zisizogharimu kitu.

Kwa nini tulianza na nyoka

Mwanachuo tuliyekuwa tukimsimamia alikuja darasani na mchoro wa chatu mweupe mwenye mabaka ya manjano na macho mekundu. Alikuwa ameiona picha yake katika simu, akaichora upya kwa rangi kwenye karatasi kubwa ya manila. Darasa la Kidato cha Nne, ambalo dakika tano kabla yake lilikuwa likisinzia kwa baridi na mvua, likanyamaza lote na kutazama.

Chatu huyo si yule mkubwa tunayemjua hapa nchini. Ni chatu mdogo ambaye makazi yake yanaanzia Senegali hadi kaskazini mwa Uganda, na ambaye akitishwa hujikunja akawa mviringo kama mpira na kuficha kichwa chake katikati. Chatu wengi wa aina hii wamesafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin kwenda Marekani na Ulaya, ambako watu huwafuga majumbani. Chatu wa kawaida ana rangi ya kahawia na nyeusi. Mwaka 1992 mfugaji mmoja wa Marekani, Bob Clark, alifanikiwa kuzalisha chatu weupe wa kwanza wa aina hiyo katika ufugaji. Tangu hapo ufugaji wa kutafuta rangi umekuwa biashara kubwa, na mfugaji hodari hupiga hesabu yake kabla hajawakutanisha dume na jike.

Wanafunzi wa Rungwe si wageni kabisa wa jambo hili. Katika misitu ya kwetu yumo nyoka mdogo wa vichakani, mwenye sumu, ambaye wataalamu walimweleza mwaka 1940 na kumpa jina la Rungwe yenyewe: Atheris rungweensis. Wengine wa aina hiyo huwa kijani kibichi, wengine karibu weusi wenye alama za manjano. Hatumshauri mwalimu yeyote amtafute wala amfuge nyoka kwa ajili ya somo; sumu ni sumu, na kumiliki mnyama pori bila kibali ni kuvunja sheria. Mchoro watosha.

Tuliukubali mfano wa mwanachuo kwa sababu tatu. Kwanza, mfugaji huwajua wazazi wa nyoka wake na vizazi vyao. Pili, jike hutaga mayai kadhaa kwa wakati mmoja, mara nyingi sita hivi, hivyo kuna kitu cha kuhesabu. Tatu, na hii ndiyo sababu kubwa, hakuna mtu anayeona haya kwa ajili ya nyoka. Mwanafunzi anaweza kuuliza lolote juu ya mama wa chatu bila kumgusa mama wa mtu.

Hesabu yenyewe

Kila mnyama hubeba jeni zake mbili mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Tuseme R ni jeni inayowezesha mwili kutengeneza rangi nyeusi, na r ni jeni iliyoharibika isiyoweza kazi hiyo. Chatu mwenye RR ana rangi. Chatu mwenye Rr naye ana rangi, kwa kuwa R moja inatosha. Lakini ndani yake amebeba r bila kuonekana. Huyu tunamwita mbebaji. Chatu mwenye rr ndiye mweupe. Basi matokeo ya wazazi mbalimbali ni haya:

(a) Mbebaji na mbebaji: kila yai lina uwezekano wa robo kutoa mweupe, nusu kutoa mbebaji, na robo kutoa asiyebeba kabisa.

(b) Mweupe na mbebaji: kila yai lina uwezekano wa nusu kutoa mweupe, na nusu kutoa mbebaji.

(c) Mweupe na asiyebeba: hapati kuzaliwa mweupe hata mmoja, lakini watoto wote ni wabebaji.

(d) Mweupe na mweupe: watoto wote ni weupe, iwapo weupe wa wazazi wote wawili unatokana na jeni ile ile. Weupe ukitokana na jeni mbili tofauti, watoto huzaliwa na rangi, maana kila mzazi humpa mtoto kile ambacho mwenzake amekikosa.

Mpaka hapo mwanachuo wetu alifundisha vema. Alichora mraba wa Punnett ubaoni, akaujaza, na wanafunzi wakaunakili.

Kosa lilipoingia

Ili kuonyesha ile robo, mwanachuo alileta mfuko wa karatasi wenye vipande vinne vya karatasi. Kimoja kiliandikwa "mweupe" na vitatu viliandikwa "mwenye rangi". Aliwaita wanafunzi wanne mbele, kila mmoja akachukua kipande chake, na mmoja wao akapata "mweupe". Alirudia na wanafunzi wengine wanne, na tena mmoja akapata "mweupe". Alirudia mara ya tatu, ikawa vivyo hivyo. Darasa lilipiga makofi. Nasi tuliokaa nyuma tukaandika katika fomu ya usimamizi: "Zana nzuri, rahisi, na inaeleweka."

Baada ya kipindi, mwanafunzi mmoja wa kike alitufuata nje. Alisema kwa sauti ya chini: "Shikamoo Mwalimu. Kaka yangu mkubwa ana ualbino, mimi ndiye wa pili, na mama ni mjamzito. Sasa nimeelewa kwamba mmoja wetu amekwisha kupatikana, basi huyu ajaye na wa baada yake hawawezi kuwa hivyo. Nitamwambia baba leo, maana nyumbani wanamsema mama."

Ndipo tulipoona tulichokuwa tumekifundisha. Mfuko ule wa vipande vinne, ambavyo havirudishwi, hauwezi kutoa jibu jingine isipokuwa mmoja kati ya wanne. Kipande cheupe kikitoka, vilivyobaki vyote ni vya rangi. Lakini mwili wa mama si mfuko wa vipande vinne. Hauhesabu waliokwisha kuzaliwa. Kwa wazazi wawili walio wabebaji, mtoto wa tatu ana uwezekano wa robo, sawasawa na wa kwanza, na sawasawa na wa kumi.

Kama binti yule angeyapeleka maneno yetu nyumbani, na mtoto akazaliwa na ualbino, yule mama aliyekuwa akisemwa angesemwa maradufu, na safari hii kwa ushahidi wa shule. Tulimwomba asubiri mpaka tutakaporudi wiki iliyofuata. Tulimwambia wazi kwamba kosa lilikuwa letu, si lake.

Zana na hatua za somo lililosahihishwa

Zana: makopo mawili kwa kila kikundi, vizibo 40 vya soda vinavyolingana, kipande cha mkaa, karatasi na kalamu. Tulichagua vizibo badala ya maharage kwa sababu mkono hutambua haraka haragwe kubwa na dogo, na mwanafunzi mjanja huchagua bila hata yeye mwenyewe kujua.

Hatua ya kwanza. Paka mkaa ndani ya vizibo 20. Hivyo ni R. Vizibo 20 visivyopakwa ni r. Tia kumi vya R na kumi vya r katika kopo la baba, na idadi ile ile katika kopo la mama. Wazazi wote wawili sasa ni wabebaji.

Hatua ya pili. Mwanafunzi mmoja afumbe macho na kutoa kizibo kimoja kutoka kila kopo. Vizibo hivyo viwili ni mtoto mmoja. Mwenzake aandike: RR, Rr au rr.

Hatua ya tatu. Kila kizibo kirudishwe katika kopo lake, kisha makopo yatikiswe. Hatua hii ndiyo somo lenyewe, na mwalimu asiruhusu irukwe. Kabla ya kutoa tena, aulize: "Je, kopo limebadilika?" Wanafunzi watazame ndani wahakikishe kwamba vizibo ni kumi kwa kumi kama mwanzo.

Hatua ya nne. Watoto wanne wakipatikana, hiyo ni familia moja. Kila kikundi kitengeneze familia tano.

Hatua ya tano. Matokeo ya vikundi vyote yaandikwe ubaoni kwa kuzihesabu familia: ngapi hazina mweupe, ngapi zina mmoja, ngapi wawili, na kuendelea.

Kinachotarajiwa

Kabla ya kuanza, mwalimu awatake wanafunzi wabashiri. Katika darasa letu karibu wote walibashiri kwamba takriban kila familia itakuwa na mweupe mmoja. Hesabu inasema vingine. Uwezekano wa mtoto mmoja kuwa na rangi ni robo tatu. Uwezekano wa watoto wote wanne kuwa na rangi ni robo tatu mara nne kwa kuzidishana, yaani 81/256, karibu 32 katika 100. Uwezekano wa kupata mweupe mmoja tu ni 108/256, karibu 42 katika 100. Wawili ni 54/256, watatu ni 12/256, na wote wanne ni 1/256.

Kwa hiyo, darasa la wanafunzi 40 lenye vikundi kumi litatengeneza familia 50, na lingeweza kutarajia familia 16 hivi zisizo na mweupe, 21 zenye mmoja, kumi au kumi na moja zenye wawili, na mbili zenye watatu. Familia yenye "mmoja kati ya wanne" si ya lazima. Haifiki hata nusu ya familia zote. Lakini ukiwajumlisha watoto wote 200, weupe watakaribia 50. Robo huonekana katika wengi. Katika nyumba moja inaweza isionekane kabisa.

Vizibo havitatoa idadi hizo barabara, wala mwalimu asizilazimishe. Kwetu kikundi kimoja kilipata familia yenye weupe watatu, na kikundi cha jirani hakikupata mweupe hata mmoja katika familia mbili mfululizo. Wanafunzi walianza kwa kusema kwamba wenzao wamekosea. Walipotazama ndani ya makopo na kukuta vizibo vile vile, mmoja wao alisema: "Kumbe kopo halikumbuki." Tuliiandika sentensi hiyo ubaoni, na tangu siku hiyo tunaitumia.

Hapo tulirudi kwa mfugaji wa chatu. Mayai yake sita yanaweza yote kutoa watoto wa rangi ya kawaida, na uwezekano wa hilo ni karibu 18 katika 100. Mfugaji huyo hakudanganywa, wala jike wake hana kasoro.

Swali la mbebaji

Wauzaji wa chatu wana namna ya kueleza ambayo inafaa sana kwa somo. Wazazi wakiwa wabebaji wote wawili, mtoto wao mwenye rangi huuzwa kama "mbebaji kwa asilimia 66". Wanafunzi hustaajabu, kwa sababu ubaoni wameona nusu. Mwalimu awape muda wafikiri wenyewe. Jibu ni kwamba, kwa kuwa tumekwisha kuona kuwa mtoto huyu si mweupe, tunaifuta ile robo ya weupe. Zinabaki sehemu tatu: mbili za wabebaji na moja ya asiyebeba. Basi uwezekano ni theluthi mbili. Hapa mwanafunzi hujifunza jambo kubwa: uwezekano hubadilika tunapopata habari mpya juu ya mtoto huyo huyo, lakini haubadiliki kwa sababu ya ndugu yake aliyetangulia, madhali tumekwisha kuwajua wazazi.

Mfano wa nyumbani: kuku kidimu

Ili wanafunzi wasidhani kwamba kila sifa hujificha kama weupe wa chatu, tuliwapa mfano wa kuku kidimu, yule mwenye manyoya yaliyogeuka na kusimama kinyume. Jeni yake haijifichi. Kuku mwenye jeni moja ya kidimu huonekana kidimu. Mwenye mbili huwa na manyoya yaliyojikunja kupita kiasi, yanayokatika, na mara nyingine hubaki karibu uchi. Ukikutanisha kidimu na kidimu, kila yai lina uwezekano wa robo kutoa kifaranga wa kawaida, nusu kidimu, na robo yule mwenye manyoya dhaifu. Katika nchi ya baridi kama yetu hiyo si hasara ndogo.

Wafugaji wa chatu wanalo onyo kama hilo. Ipo rangi moja inayopendwa, iitwayo "buibui", ambayo nyoka wake huzaliwa na tatizo la kutikisika kichwa na kupoteza mizani. Mwenye kukisia rangi peke yake anaweza kuzalisha mateso bila kukusudia.

Kufika kwa binadamu

Baada ya chatu, vizibo na kuku, ndipo tulipozungumzia ualbino. Somo hufundishwa kwa Kiingereza, lakini hapa tuliacha Kiswahili kitumike, na nyuma ya darasa tulikisikia hata Kinyakyusa. Tulieleza mambo manne.

La kwanza, ualbino unaowapata watu wengi wa Afrika hurithiwa kama weupe wa chatu: mtoto lazima apate jeni r kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Hakuna mama anayeweza kuuleta peke yake. Kumlaumu mama ni kosa la hesabu kabla halijawa kosa la utu.

La pili, wabebaji ni wengi. Kisio linalotajwa sana kwa Tanzania ni mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi. Tukichukua kipeuo cha pili cha 1,400 tunapata karibu 37. Yaani katika kila jeni 37, moja ni r. Kwa kuwa kila mtu ana jeni mbili, wabebaji ni karibu mtu 1 katika kila watu 19. Katika darasa la wanafunzi 40 wanaweza kuwamo wawili, na hakuna ajuaye ni nani. Huenda ni mwalimu mwenyewe.

La tatu, ndugu wa mtu mwenye ualbino hana sababu ya kuogopa kuoa au kuolewa. Uwezekano wake wa kuwa mbebaji ni theluthi mbili. Akifunga ndoa na mtu asiye wa ukoo wake na asiye na ualbino, uwezekano kwa kila mtoto ni theluthi mbili, mara 1/19, mara robo, yaani karibu 1 katika 114. Kwa ndoa za ndugu wa karibu uwezekano huo hupanda, kwa kuwa wote wawili wanaweza kuwa wameichukua jeni ile ile kwa babu mmoja.

La nne, mtu mwenye ualbino amekosa rangi ya kumkinga na jua, basi. Anahitaji kofia, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga ngozi, na kiti cha mbele darasani kwa sababu ya macho. Kila mwanafunzi wetu alikuwa amesikia habari za mauaji yaliyotangazwa sana nchini tangu mwaka 2007. Hatukuzikwepa. Tulisema kwamba wauaji na waliowatuma waliamini kuna siri mwilini mwa mtu huyo, na kwamba siri yote iliyopo tumeitia katika makopo mawili mbele ya macho yao.

Tahadhari kwa mwalimu

Mwalimu asimtake mwanafunzi yeyote achore mti wa ukoo wake mbele ya darasa. Asimtumie mwanafunzi mwenye ualbino kama kielelezo. Huyo amekuja kusoma kama wenzake. Asiseme kamwe, "katika kila watoto wanne, mmoja." Aseme, "kila mtoto, uwezekano wa robo." Tofauti ya sentensi hizi mbili ni maneno machache tu, lakini ya kwanza ndiyo iliyotuponza. Aidha, katika jaribio aweke swali hili: "Wazazi wabebaji wamezaa watoto watatu wenye ualbino. Uwezekano wa mtoto wa nne ni upi?" Mwanafunzi atakayejibu "robo" ameelewa, atakayechora mraba mzuri na kujibu "hakuna" bado hajaelewa.

Hitimisho

Mwishoni mwa kipindi kile cha pili, binti yule alibaki nyuma kukusanya vizibo. Alituambia kwamba sasa hana la kumhakikishia baba yake kuhusu mtoto ajaye, ila analo moja la kumhakikishia kuhusu mama. Kisha akaomba aazime makopo mawili na vizibo vyake hadi Jumatatu. Tulimpa. Jumatatu aliyarudisha yakiwa kamili, na vizibo kadhaa vimepakwa mkaa upya, kwa maana vilikuwa vimefutika kwa kushikwashikwa na mikono mingi.

Tunawaomba walimu wenzetu walijaribu somo hili katika shule zao, na pale litakapowashinda watueleze, ili nasi tulirekebishe zaidi.